Baba wa mtoto ananishtaki kwamba nimekaidi amri ya mahakama. Nijibu vipi?

SWALI: Wakili, naishi Nkuhungu, Dodoma. Niliachana na mume wangu mwaka juzi, na Mahakama ya Wilaya ikaniachia binti yetu ambaye sasa ana miaka sita na nusu. Amri inasema baba yake amchukue Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi saa 3 asubuhi na amrudishe saa 11 jioni. Yeye ni mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Juzi nimeletewa samansi pamoja na kiapo chake. Anasema nimekaidi amri mara tatu kwa makusudi. Anaomba niadhibiwe na mtoto ahamie kwake kwa kuwa "anakaribia miaka saba". Mara ya kwanza ni uongo mtupu. Yeye ndiye aliyenipigia Ijumaa usiku akasema hana nafasi, ana magari ya kupakia. Mara ya pili mtoto alikuwa na malaria, nikamwandikia ujumbe, hakujibu. Mara ya tatu, sitaki kukuficha, nilimzuia mimi. Alikuwa hajaleta matunzo miezi miwili na nilikuwa na hasira. Anadai pia siku ile ya kwanza alikuja akakuta geti limefungwa, na kwamba nilimficha mtoto kwa mama yangu Bahi, mambo ambayo hayakutokea. Kaka yangu ananiambia nisiende mahakamani kwa kuwa samansi sikuisaini. Rafiki yangu anasema nijibu kwamba baba anampiga mtoto, ili tuwe sawa. Hajawahi kumpiga. Nimebakiza wiki tatu. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa maelezo yako ya mara ya tatu. Ungeweza kuyaacha nisijue. Nitayarudia huko chini, kwa sababu kwa maoni yangu kesi yako nzima imelala hapo.

Naona una hofu mbili zilizofungwa kamba moja: kufungwa na kunyang'anywa mtoto. Mahakama huyatazama mambo haya kwa macho mawili tofauti. Kukaidi amri kunahusu heshima ya mahakama. Nani akae na mtoto ni suala la ustawi wa mtoto mwenyewe, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautanguliza ustawi huo mbele ya matakwa yenu wote wawili. Mzazi anaweza kuonywa kwa kukosea Jumamosi moja na bado akabaki na mwanawe. Kwa hiyo usiku ulale. Asubuhi tufanye kazi.

Kaka yako anakupenda, lakini ushauri wake utakuponza. Kusaini samansi si kukiri kosa, ni kukiri tu kwamba umeipokea. Ukikataa kusaini, aliyekuletea ataapa kwamba alikufikishia ukakataa, na mahakama itaendelea. Siku ikifika haupo, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, na kiapo cha baba mtoto kitabaki peke yake mezani bila neno la kukipinga. Nimekutana na watu waliopewa amri nzito juu ya mambo ambayo hawakuyafanya kabisa, na sababu ilikuwa hiyo tu. Kama hukuisaini, nenda masjala ya mahakama hiyo ukiwa na namba ya shauri, uombe nakala ya kila kilichowasilishwa, na uulize umepewa hadi lini kuwasilisha majibu. Muda wa majibu mara nyingi huisha kabla ya tarehe ya kusikilizwa, na hapo ndipo wengi huteleza.

Sasa hii miaka saba. Sijui ni nani aliyeanza kuwaambia wazazi wa nchi hii kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, mahakama ianze na dhana kwamba ni vyema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Haisemi kwamba siku ya kuzaliwa ya saba baba aje na begi. Sheria hiyohiyo inaitaka mahakama iangalie madhara ya kumhamisha mtoto aliyekwisha kuzoea mahali. Binti yako akitimiza saba, dhana ile inaondoka na mizani inabaki wazi: anasoma wapi, analelewa na nani, ndugu zake wako wapi, na yeye mwenyewe akiweza kujieleza kwa uhuru anasema nini. Amri uliyonayo inaendelea kufanya kazi mpaka mahakama iibadilishe.

Ili mahakama iseme umekaidi, aliyeleta malalamiko ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Aonyeshe kwamba amri ilikuwepo na inaeleweka, kwamba uliijua, na kwamba uliivunja kwa makusudi ilhali ulikuwa na uwezo wa kuitii. Na kwa kuwa mwisho wake unaweza kuwa adhabu, mahakama huwa hairidhiki na ushahidi mwepesi kama ule wa kudaiana fedha. Neno la kulishika hapo ni makusudi. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa kwenda kituo cha afya hajakaidi. Aliyeambiwa na baba mwenyewe "wiki hii siji" naye hajakaidi.

Shida yenu, na ndiyo shida ya karibu kila shauri la namna hii ninalolipokea, ni kwamba amri imeandikwa lakini maisha yenu yanaendeshwa kwa mdomo. Baba anapiga simu, anaahirisha, mama anasema sawa, simu inakatwa. Miezi mitatu baadaye wamekosana, na mmoja anachukua kalenda, anahesabu Jumamosi zilizopita bila mtoto kutoka, na zote anaziita ukaidi. Pengine hata haoni kwamba anadanganya. Ameshasahau ile simu ya Ijumaa, kwake ilikuwa siku ya kupakia mahindi kama siku nyingine. Na amri bado inasema Jumamosi ya pili, saa 3 asubuhi. Karatasi haijui kwamba mlielewana.

Ndiyo maana jibu lako lisiwe juu ya tabia yake. Usiandike kwamba ni mlevi, ana mwanamke Kibaigwa, au ukoo wao ndivyo ulivyo. Jibu tarehe. Chukua karatasi tatu, kila tarehe karatasi yake, na chini yake uandike ulichokiona na kukisikia mwenyewe, saa ngapi, nani alikuwepo na kipi kinaonyesha hivyo.

Jumamosi ya kwanza kati ya zile tatu anazolalamikia: fungua orodha ya simu zilizoingia, leo hii, maana simu nyingi hufuta za zamani zinapoingia mpya. Piga picha ukurasa wenye namba yake na ile saa ya Ijumaa usiku. Ninakuambia mapema kwamba orodha hiyo itaonyesha alikupigia, haitaonyesha alisema nini. Kwa hiyo tafuta kinachoishikiza. Kuna ujumbe wowote siku iliyofuata? Ulimwandikia dada yako "leo haji, yuko kwenye mahindi"? Kuna mtu alikuwa jikoni ukaongea kwa spika? Na kwa kuwa anaapa alikuja akakuta geti limefungwa, aulizwe alikuja na nini, saa ngapi, aligonga kwa nani, alikupigia simu akiwa pale getini? Mtu aliyesafiri kutoka Kibaigwa akakuta amefungiwa, jambo la kwanza hufanya ni kupiga simu. Kama siku hiyo hakuna hata simu moja kutoka kwake, kimya hicho nacho ni ushahidi, na wakili anaweza kuomba baba mtoto aitwe kuhojiwa juu ya kiapo chake.

Kuhusu Bahi, usitegemee rejista ya shule ya Ijumaa na Jumatatu peke yake. Bahi si mbali, mtu huenda na kurudi. Tafuta aliyemwona mtoto Jumamosi ile: mwalimu wa madrasa au wa kwaya, mama aliyemsuka, jirani aliyecheza na watoto wake. Mama yako naye aape kwamba mtoto hakuja kwake. Ila kila mmoja aape kwa kinywa chake. Wewe huwezi kuapa juu ya alichokiona jirani.

Jumamosi ya pili ndiyo nyepesi. Ujumbe wako upo, na kituo cha afya kimeandika tarehe, kipimo na dawa kwenye daftari au cheti cha mtoto. Ukipoteza karatasi, rudi uombe wakuangalizie kwenye kumbukumbu zao. Swali pekee ambalo hakimu anaweza kukuuliza ni kama ulimpa baba siku nyingine, au kama alikaribishwa kuja kumwona mgonjwa. Kama ulimwandikia hivyo, sema. Kama hukumwandikia, usianze kukumbuka leo kwamba ulimwandikia.

Hapo nikupe kisa. Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja aliniletea daftari la shule la kurasa 48, jalada limechakaa vizuri kabisa, ndani ameorodhesha kila siku aliyonyimwa watoto wake tangu Januari. Nililifungua mbele yake. Kalamu ni moja, ya bluu, mwandiko umelala upande uleule, hakuna siku aliyoandika kwa haraka wala siku aliyoandika akiwa ametulia. Na kwenye ukurasa wa tano palikuwa na tarehe 31 Juni. Juni haina tarehe 31. Yule bwana alikuwa kweli amenyimwa watoto, nilijua hivyo kwa mashahidi wengine, lakini daftari lile lingeuzamisha ukweli wake wote. Tuliliacha ofisini. Wewe ukiandika kumbukumbu leo, juu ya ukurasa andika: "Nimeandika leo tarehe hii, kwa ninavyokumbuka." Hakuna aibu yoyote katika maneno hayo.

Sasa Jumamosi ya tatu. Njia ziko tatu, na nitakueleza kila moja ina gharama gani. Ya kwanza ni kukana. Hiyo ni kusema uongo chini ya kiapo, ambalo ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo, siku likigundulika, simu ya Ijumaa na malaria vyote vinaanguka pamoja nalo. Ya pili ni kukaa kimya juu yake. Jambo lililoapwa na lisilojibiwa huhesabika kama limekubaliwa, na bado utaonekana unaficha. Ya tatu ni kukiri kwa maneno machache, bila kujitetea sana, na kuomba radhi. Hii nayo ina gharama: unampa tarehe moja kati ya tatu, na mahakama ina uwezo wa kukuonya au kukuadhibu kwa hiyo. Lakini kwa mashauri niliyoyaona, hakimu anayesoma kiapo chenye "hapa nilikosea" huanza kuamini mistari iliyobaki. Mimi ningekushauri hii ya tatu, kwa sharti kwamba wakili akisome kiapo hicho kabla hujatia saini.

Maneno yenyewe yawe kama haya: "Ni kweli tarehe hiyo sikumkabidhi mtoto kwa baba yake. Nilikuwa nimeudhika kwa kuwa matunzo ya miezi miwili hayakuwa yameletwa. Natambua kwamba hiyo haikuwa sababu ya kutotii amri, na naiomba mahakama radhi. Nipo tayari baba amchukue mtoto siku nyingine badala ya hiyo." Usiongeze chumvi.

Natambua linavyouma. Mtu hajaleta hata kilo ya sukari halafu anadai haki yake ya Jumamosi. Lakini kuonana na mtoto na kutoa matunzo ni wajibu mbili zinazokwenda kila mmoja na njia yake, na kuonana ni haki ya binti yako pia, hakupaswa kulipa yeye deni la baba yake. Matunzo yanadaiwa palepale mahakamani: kama kuna amri ya matunzo, fungua maombi ya kuikazia, yaani mahakama imlazimishe kuitekeleza, ukiambatanisha taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha miezi aliyotuma na ambayo hakutuma. Kama hakuna amri, iombe. Ukifanya hivyo, hasira yako inapata mlango halali.

Kuhusu rafiki yako. Nakuomba kwa dhati, usiliandike hilo la kupigwa. Ukilitaja, afisa ustawi wa jamii atahusishwa, pengine na polisi, na binti wa miaka sita atakaa mbele ya mtu asiyemjua akiulizwa baba anakupiga wapi. Atajibu nini? Akisema hapana, wewe umeapa uongo. Akisema ndiyo ili kukufurahisha, umemwekea mtoto mzigo atakaoubeba mpaka awe mtu mzima. Na siku mtoto wa jirani atakapopigwa kweli, mama yake atakapofika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi atakuta watu wameshachoka kusikia. Kama ingekuwa kweli, ningekuambia uende dawati hilo leo au upige namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila kungoja samansi ya mtu.

Majibu yako yatakuwa kwenye hati inayoitwa kiapo kinzani. Mahakama zetu ni kali juu ya umbo lake. Kisiwe na maneno ya kusikia kwa watu, hoja za kisheria, maoni wala maombi, ni mambo unayoyajua tu. Mwishoni uthibitishe kwamba uliyoyaandika unayajua mwenyewe, na kama kuna aya uliyoelezwa, kwa mfano na wakili wako, useme ni ipi na nani alikueleza. Utaapa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeruhusiwa kisheria kuapisha watu, naye aandike mahali na tarehe. Hakikisha ameandika, angalia kwa macho yako kabla hujaondoka. Viapo vimetupwa nje kwa sababu ya nafasi hiyo kuachwa tupu. Unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini hakimu hutazama kama unaaminika: umetoka simu gani, umehifadhiwa vipi, na kama ni kweli umetoka kwa huyo anayetajwa. Kwa hiyo picha za skrini zionyeshe namba yake, si jina "Baba Fulani" ulilohifadhi wewe, pamoja na tarehe na saa. Zionyeshe mazungumzo yote ya siku ile, hata yale uliyomjibu vibaya. Kwenye kiapo eleza simu ni yako, nani alichapisha na kwamba hakuna kilichobadilishwa. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta ikarudi kama ilivyotoka dukani, na zima ile hali ya ujumbe kujifuta. Ujumbe wa sauti uache kama ulivyo na uandike pembeni maneno yake. Na tafadhali usimrekodi mtoto akisema hataki kwenda kwa baba. Kila hakimu anajua nani ameshika simu.

Mahakama inaweza kuagiza afisa ustawi wa jamii akutembelee na kuandika taarifa. Akija, mkaribishe nyumba ilivyo. Mwache aongee na mtoto bila wewe kukaa mlangoni. Anachokitafuta zaidi ni kama unamruhusu binti ampende baba yake.

Siku ya shauri ikifika, fikiria pia kuomba amri yenyewe irekebishwe, maana imewaacha na mianya. Mahakama ina uwezo wa kubadili masharti mazingira yanapobadilika. Omba iseme mtoto akiugua nini kifanyike, Jumamosi iliyopotea ilipwe lini, mabadiliko yafanywe kwa ujumbe wa maandishi tu, na makabidhiano yafanyike mbele ya mtu mnayemwamini wote. Kama wazee wa pande mbili wanaweza kuwakalisha kabla ya siku hiyo, kaeni. Lakini mtakachokubaliana kiandikwe, kisainiwe na kipelekwe mahakamani kisajiliwe, maana kikao cha ukoo hakiwezi kufuta amri ya hakimu.

Yapo mambo ambayo majibu haya hayatoshi. Kwa kuwa anaomba uadhibiwe na mtoto ahame, tafuta wakili wa kukaa naye ana kwa ana wiki hii, akiwa na jalada zima mbele yake. Kama huna fedha, watoa msaada wa kisheria wanatambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji, Chama cha Mawakili Tanganyika, au ulizia kama timu ya kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iko mkoani. Msaidizi wa kisheria atakusaidia kuelewa na kupanga nyaraka, ila hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Na polisi wakikuita juu ya jambo hili, usiandike maelezo kabla hujaongea na wakili.

Kabla ya siku ya mahakama kuna walau Jumamosi moja ya amri. Ijumaa yake mwandikie: "Mtoto atakuwa tayari kesho saa 3." Usiongeze neno. Asubuhi mwogeshe, mvalishe, mpe uji, na saa 3 awe amekaa na kibegi chake. Baba akija, mkabidhi bila kuitaja kesi mbele ya mtoto, kisha andika saa aliyofika na nani alikuwepo. Asipokuja, saa 5 mwandikie kwamba mtoto bado anasubiri.